Chama cha Wapiganaji wa Mau Mau: Historia ya Kudai Haki Meru na Embu

Chama cha Wapiganaji wa Zamani wa Mau Mau kilisajiliwa rasmi nchini Kenya mwaka 2003, miaka 53 baada ya serikali ya kikoloni kuipiga marufuku Mau Mau, harakati iliyopigania ardhi na uhuru, na miaka 40 baada ya uhuru wenyewe. Wanachama wake ni wazee waliopigana msituni, waliowapelekea wapiganaji chakula na waliofungwa kizuizini, pamoja na wajane na watoto wa wenzao waliokufa. Wengi wao wanatoka katika jamii tatu ambazo wakoloni walizitia katika fungu moja la washukiwa: Wakikuyu, Waembu na Wameru. Habari za chama hiki mara nyingi husimuliwa kutokea Nyeri, Murang'a na Kiambu, ilhali Meru na Embu, upande wa pili wa Mlima Kenya, zilikuwa na kambi, vijiji vya kulazimishwa na makamanda wake, na wazee wa huko wamedai haki yao mwaka baada ya mwaka sawa na wenzao.

Madai ya chama hayajabadilika tangu mwanzo. Wazee wanataka serikali ya Uingereza ikiri mateso yaliyofanywa kwa jina lake na kuyalipia fidia. Wanataka pia Kenya huru iwatambue waliopigania ardhi na iwape mahali pa kuishi. Historia ya chama ni historia ya madai haya mawili, na jinsi la kwanza lilivyosonga mbele huku la pili likikwama.

Meru na Embu wakati wa Hali ya Hatari

Mau Mau ilipigwa marufuku mwezi Agosti 1950. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari, iliyodumu hadi Januari 1960. Wakati huo Meru na Embu zilikuwa wilaya za Mkoa wa Kati. Mashamba ya wenyeji yalipakana na msitu wa Mlima Kenya, na chakula, dawa na habari zilipita usiku kutoka vijijini hadi kwa wapiganaji. Kukata njia hizo ndiko kulikokuwa shabaha kuu ya jeshi na utawala.

Kuanzia katikati ya mwaka 1954 serikali ilianza kuwahamisha watu kwa nguvu. Nyumba zilizokuwa zimetapakaa kwenye miteremko zilichomwa, na zaidi ya watu milioni moja wa jamii hizo tatu wakaingizwa katika vijiji zaidi ya 800. Kijiji kilizungushiwa handaki lililojaa vijiti vilivyochongwa, mlinzi akakaa juu ya mnara, na watu wakaruhusiwa kutoka kwenda shambani kwa saa zilizopangwa tu. Kando ya msitu lilichimbwa handaki jingine refu la kuwatenga wapiganaji na jamaa zao. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na wanawake, bila malipo, chini ya usimamizi wa homugadi, walinzi wa kienyeji wa serikali. Kwa kuwa shamba lililo mbali halikuweza kutunzwa kwa saa chache za mchana, njaa iliingia vijijini, na watoto na wazee ndio walioumia kwanza.

Meru ilikuwa na mgawanyiko wa ndani. Baraza la wazee la Njuri Ncheke lilishirikiana na serikali kupinga viapo vya Mau Mau, huku vijana wa Tigania, Imenti na kwingineko wakiingia msituni. Mgawanyiko huo uliacha alama katika siasa. Waafrika wa Kenya walipopiga kura kwa mara ya kwanza mwezi Machi 1957, Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuandikishwa kuwa mpiga kura bila cheti cha uaminifu kwa serikali. Bernard Mate kutoka Meru ndiye aliyeshinda kiti cha Mkoa wa Kati, akimwangusha Eliud Mathu. Mtu aliyefungwa kizuizini hakuwa na sauti katika uchaguzi huo, na wengi walirudi nyumbani wakakuta ardhi yao imekwisha kugawanywa katika mpango wa kuunganisha mashamba, wao wakiwa hawapo kujitetea.

Kambi za Mwea

Mahali palipokuja kuwa na uzito mkubwa kuliko pote katika madai ya baadaye ni tambarare ya Mwea, ambayo zamani hizo ilikuwa ndani ya Wilaya ya Embu. Kirinyaga ilitengwa kuwa wilaya yake mwaka 1963, ndiyo maana mambo mengi yaliyotokea Embu ya wakati huo leo huhesabiwa kuwa ya Kirinyaga. Mwea palikuwa na kambi kadhaa, zikiwemo Thiba, Gathigiriri na Kandongu. Wafungwa walichimba mifereji ya mradi wa umwagiliaji wa Mwea-Tebere, ambao hadi leo unaizalishia Kenya mchele.

Mwaka 1957 ulianza kutumika Mwea utaratibu mpya chini ya Terence Gavaghan, ofisa aliyesimamia kambi hizo. Wafungwa waliokataa kukiri viapo waliletwa katika vikundi vidogo kutoka kambi kama Manyani, na walipofika walipokelewa na askari pamoja na wafungwa waliokwisha kusalimu amri. Aliyekataa kuvaa sare ya kambi, kunyolewa au kufanya kazi alipigwa mpaka akubali. Mwezi Juni mwaka huo Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, aliandika waraka kueleza jinsi nguvu hizo zingeweza kuhalalishwa, na Gavana Baring akaupeleka London kwa Waziri wa Makoloni, Alan Lennox-Boyd. Waraka huo ulionyesha kwamba vipigo vya Mwea vilijulikana na kuidhinishwa na wakubwa wa serikali, wala havikuwa ukatili wa askari wachache waliopotoka. Utaratibu wa aina hiyo ulipopelekwa kambi ya Hola, tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa.

Uhuru na ukimya

Desemba 1963 wapiganaji waliobaki msituni walitoka. Aliyejulikana zaidi upande wa Meru alikuwa Musa Mwariama, mwenye cheo cha Field Marshal, ambaye hakuwahi kukamatwa wala kuuawa muda wote wa vita. Picha yake akiwa na Jomo Kenyatta, nywele zake ndefu zikiwa zimesokotwa, ni miongoni mwa picha zinazojulikana sana za mwanzo wa uhuru. Mwariama alifariki mwaka 1989, chama kikiwa bado hakijasajiliwa.

Kamanda mwingine wa Meru, Jenerali Baimungi, aliona kwamba uhuru usio na ardhi haujatimiza kile walichokiapia. Aliuawa na vikosi vya serikali ya Kenya huru mapema mwaka 1965. Kifo chake kiliwafunza wenzake kwamba serikali mpya isingevumilia madai ya ardhi yatolewe kwa jina la Mau Mau.

Msimamo wa serikali ya Kenyatta ulikuwa kusamehe na kusahau. Mashamba ya walowezi yalinunuliwa na kugawanywa, lakini aliyetaka kipande alipaswa kuwa na fedha za kuanzia na kulipa mkopo. Mtu aliyetoka kizuizini baada ya miaka mitano au sita hakuwa na fedha hizo. Amri ya marufuku ya mwaka 1950 nayo haikufutwa. Chini ya Kenyatta na chini ya Daniel arap Moi, chama chenye jina la Mau Mau hakikuweza kusajiliwa. Wazee walikutana mazishini, makanisani na katika vikundi vya kusaidiana, na watoto wao walisoma shuleni historia ya uhuru isiyoeleza kwa kina yaliyowapata wazazi wao.

Kusajiliwa kwa chama

Mlango ulifunguka baada ya uchaguzi wa Desemba 2002 ulioiondoa madarakani KANU, chama kilichotawala tangu uhuru. Mwaka 2003 serikali ya Mwai Kibaki iliondoa marufuku, na mwaka huohuo chama kikapata cheti cha usajili. Msemaji wake mashuhuri alikuwa Gitu wa Kahengeri, aliyewahi kufungwa kizuizini na baadaye kuwa mbunge wa Juja. Akiwa katibu mkuu alikitumikia chama kwa miaka mingi, mpaka alipofariki Januari 2024.

Usajili uliwapa wazee kitu cha msingi: haki ya kukutana hadharani na kuorodheshana. Kazi ya kwanza ikawa kujuana. Nani alifungwa wapi, kwa miaka mingapi, nani alimwona akipigwa, ana kovu gani, ana karatasi gani? Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, shirika la kiraia lililoanzishwa mwaka 1992, lilisaidia kukusanya ushuhuda huo. Kazi ilikuwa ngumu kwa sababu wengi hawakuwa na hati yoyote, na walioteswa kwa namna ya kudhalilisha utu wao walikuwa hawajawahi kuyasema hata kwa waume au wake zao. Mkononi walikuwa na kumbukumbu tu, na makovu.

Kesi ya London

Tarehe 23 Juni 2009 wazee watano waliwasilisha madai yao katika Mahakama Kuu ya London dhidi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, wakiwakilishwa na kampuni ya mawakili ya Leigh Day. Walikuwa Ndiku Mutua, Paulo Nzili, Wambugu wa Nyingi, Jane Muthoni Mara na Susan Ngondi. Susan Ngondi alifariki kabla kesi haijafika mwisho.

Ushuhuda wa Jane Muthoni Mara unaihusu Embu ya zamani moja kwa moja. Alikuwa msichana wa miaka 15 aliposhikwa kwa tuhuma ya kuwapelekea wapiganaji chakula, akapelekwa kambi ya kuhoji ya Gatithi. Huko aliulizwa alipo kaka yake aliyekuwa msituni, akapigwa na kuteswa kijinsia mbele ya wafungwa wengine. Alipoyaeleza hayo mahakamani alikuwa bibi mwenye zaidi ya miaka 70. Mawakili wa serikali ya Uingereza hawakupinga kwamba yeye na wenzake waliteswa. Hoja yao ilikuwa ya kisheria: kwanza, dhima ya serikali ya kikoloni ilihamia kwa serikali ya Kenya siku ya uhuru, pili, muda wa kushtaki ulikuwa umepita zamani.

Jaji Richard McCombe aliikataa hoja ya kwanza Julai 2011 na ya pili Oktoba 2012. Kilichosaidia sana ni nyaraka. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba katika ghala lake la Hanslope Park ilikuwa imehifadhi, mbali na macho ya umma, majalada yapatayo 8,800 yaliyohamishwa kutoka makoloni 37, yakiwemo 1,500 hivi ya Kenya. Wanahistoria Caroline Elkins, David Anderson na Huw Bennett waliyachambua na kutoa ushahidi. Kwa kuwa karatasi zilikuwepo na baadhi ya mashahidi walikuwa hai, jaji aliona kesi ingeweza kusikilizwa kwa haki hata baada ya nusu karne. Maneno ya wazee wasio na hati yalikuwa yamepata hati, tena zilizoandikwa na watesaji wenyewe.

Fidia na mnara

Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, alisimama bungeni London akakiri kwamba Wakenya waliteswa chini ya utawala wa kikoloni, akaeleza masikitiko ya serikali yake. Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228, gharama za mawakili zikiwemo. Kila mmoja alipata takribani shilingi 340,000 za Kenya. Serikali hiyo haikukubali kubeba dhima kisheria, na waziri hakutamka kwamba anaomba radhi. Hata hivyo, dola iliyokanusha kwa miaka 60 ilikuwa imesema hadharani kwamba mateso yalitokea.

Orodha ya waliolipwa ilikuwa fupi ikilinganishwa na idadi ya walioumia. Wengi walikuwa wamekufa, na wengine hawakufikiwa na waliokuwa wakiandikisha. Kesi ya pili, iliyowakusanya walalamishi zaidi ya 40,000, ilisikilizwa London na kutupwa mwaka 2018 kwa sababu ya muda uliopita. Kwa wazee wengi ambao hawakuwemo katika kundi la kwanza, njia ya mahakama za Uingereza ilifungwa hapo.

Makubaliano ya 2013 yalikuwa na sehemu ya mnara wa kumbukumbu uliogharamiwa na Uingereza. Ulizinduliwa katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, tarehe 12 Septemba 2015, mbele ya maelfu ya wazee. Sanamu yake inaonyesha mwanamke akimpa mpiganaji chakula, na hawatazamani usoni. Namna hiyo ilikuwa kinga, kwa maana asiyemwona mwenzake sawasawa hawezi kumtaja hata akiteswa. Mwanamke huyo angeweza kuwa wa Runyenjes, Embu, au wa Tigania, Meru, kwa kuwa ndivyo vita vilivyoendeshwa pande zote za mlima.

Mwaka wa chama

Mwaka wa wazee wa Mau Mau una siku mbili kubwa. Tarehe 18 Februari hukumbukwa kiongozi wa Mau Mau, Dedan Kimathi, aliyenyongwa katika gereza la Kamiti siku hiyo mwaka 1957 na kuzikwa katika kaburi lisilo na alama. Kila mwaka siku hiyo huamsha dai la mabaki yake yatafutwe na kuzikwa kwa heshima, dai ambalo mjane wake, Mukami Kimathi, alilirudia hadi alipofariki Mei 2023. Tarehe 20 Oktoba ni Mashujaa Dei, ambayo zamani iliitwa Kenyatta Dei. Katiba ya 2010 iliibadilisha jina ili sifa iwaendee wote waliopigania nchi, na wazee wa Mau Mau walihesabu badiliko hilo kuwa ushindi wao.

Sikukuu za kitaifa zinapopelekwa nje ya Nairobi huwapa wazee wa huko nafasi ya kusikika. Madaraka Dei ya 2018 ilifanyika uwanja wa Kinoru, Meru, na ile ya 2023 uwanja wa Moi, Embu. Siku za namna hiyo madai yaleyale hutajwa: ardhi kwa wasio na makao, matibabu kwa wagonjwa, posho ya kila mwezi, na hifadhi ya mahali palipokuwa na kambi na makaburi. Mwaka 2014 ilipitishwa Sheria ya Mashujaa wa Kenya, inayoweka utaratibu wa kuwatambua na kuwasaidia. Utekelezaji wake umekwenda polepole, ilhali umri wa wanaosubiri haupungui.

Ziara ya Mfalme Charles III wa Uingereza nchini Kenya mwishoni mwa Oktoba 2023 iliyaamsha madai upya. Alilaani ukatili uliofanywa dhidi ya Wakenya na kusema hauna udhuru, lakini ombi la radhi kamili halikutoka. Chama na mashirika ya haki za binadamu yameendelea kulidai.

Njia iliyofunguliwa kwa wengine

Ushindi wa 2013 ulivuka mipaka ya Kenya. Ghala la Hanslope Park lilikuwa pia na majalada ya Kupro, Malaya, Tanganyika na Palestina. Kupro, Malaya na Palestina zilitawaliwa kwa sheria za dharura zinazofanana na za Kenya, na baadhi ya maofisa wa polisi waliotumika Palestina kabla ya 1948 walikuja kutumika Kenya. Adhabu ya kijiji kizima kwa kosa la mtu mmoja, kubomoa nyumba na kufunga watu bila kesi ni mambo yaliyotumika Palestina wakati wa maasi ya 1936 hadi 1939 kabla ya kuonekana kwenye miteremko ya Mlima Kenya.

Mwezi Oktoba 2022 Wapalestina wakiongozwa na mzee Munib al-Masri, aliyejeruhiwa kwa risasi na askari wa Uingereza alipokuwa mtoto mwaka 1944, walitangaza jalada la ushahidi wakiitaka Uingereza iombe radhi kwa makosa ya utawala wake nchini mwao kati ya 1917 na 1948. Hoja yao ni ndugu ya ile iliyopelekwa London na wazee wa Kenya: kupita kwa miaka hakufuti kosa, na dola inayotunza karatasi zake haiwezi kudai kwamba haijui ilichofanya. Kwa watu wa Meru na Embu waliowahi kuishi ndani ya handaki la kijiji, wakihesabiwa asubuhi na jioni, dai hilo halihitaji mkalimani.

Yaliyobaki

Chama cha Wapiganaji wa Mau Mau kimefanikiwa katika jambo ambalo wengi walidhani haliwezekani. Watu walioitwa magaidi na wakoloni, kisha wakanyamazishwa na serikali za nchi yao, waliisimamisha Uingereza mbele ya mahakama yake yenyewe wakapata haki, japo kwa sehemu. Dai la ardhi bado halijajibiwa, na hilo ni la Kenya kulijibu, si la London.

Kijana aliyekula kiapo mwaka 1952 akiwa na miaka 20 leo amepita 90. Kila Februari na kila Oktoba safu ya wazee hupungua. Serikali za kaunti za Meru na Embu zina uwezo wa kufanya mambo matatu bila kungoja mtu: kurekodi ushuhuda wa waliobaki kwa lugha zao, kuweka alama mahali palipokuwa na kambi na vijiji vya kulazimishwa, na kuingiza historia hiyo katika maktaba na shule za huko. Kesi ya London ilishinda kwa sababu mashahidi walikuwa hai na karatasi zilipatikana. Karatasi zitaendelea kuwepo; mashahidi wanapaswa kusikilizwa sasa.